Sabuni Tatu za Baridi na Uso Mmoja wa Shaame

Hapo zamani, jua lilipokuwa bado kijana na ukali wake wote likiumalizia katika mji wa Jotoni, alikuwako mwanamume mmoja jina lake Shaame. Tuseme ukweli, Shaame alikuwa mtu mwema, ila mwepesi wa kuwaka. Ukimkanyaga, anawaka. Ukimwambia pole, anawaka tena, anauliza pole ya nini.

Na Jotoni kulikuwa na desturi. Bwana harusi akifika kwa bibi harusi haingii hivi hivi. Shangazi wa bibi harusi hutoka mlangoni, akamwekea kiganja shavuni. Shavu likiwa laini na baridi, shangazi hupiga kigelegele na mlango ukafunguliwa. Shavu likiwa moto, shangazi husema, "Huyu ana hasira, mtoto wetu ataungua," na bwana harusi hurudishwa kwao, yeye na ngoma zake na wapambe wake. Akirudishwa mara tatu, posa imevunjika. Kwamba mji mzima ulikuwa ukitokota, na kwamba hata mawe ya Jotoni yangeonekana yana hasira, hilo hakuna aliyelisema. Desturi ni desturi.

Shaame alikuwa amekwisha kurudishwa mara mbili. Mara ya kwanza shavu lilikuwa moto. Mara ya pili shavu lilikuwa moto, naye akamwambia shangazi, "Kiganja chako mwenyewe kama kikaango!" Shangazi yule, Bi Mboja, hakulisahau neno lile. Na Raya, bibi harusi, akamtumia Shaame salamu: "Nakupenda, lakini siwezi kumvunjia shangazi yangu heshima. Safari hii njoo umepoa." Shaame alimpenda Raya hata chakula hakikumpita kooni. Akaogopa. Akaogopa kweli kweli.

Basi akaenda kwa vinyozi. Jotoni ilikuwa na vinyozi watatu, Ngwali, Simai na Mcha, marafiki wa kunywa kahawa pamoja kila alasiri. Kila mmoja alipika sabuni yake ya kunyolea, akatia mafuta ya mnanaa na ile chembe nyeupe iitwayo mentoli, inayoifanya ngozi isikie upepo hata kama hakuna upepo. Na kila mmoja aliisifu yake.

Ngwali alisema, "Yangu ikigusa tu, mtu anaomba shuka."

Simai alisema, "Yangu haina pupa. Inaingia, inakaa, na haiondoki."

Mcha alisema, "Yangu mimi mwenyewe naiogopa."

Shaame akawaambia, "Ami zangu, atakayenifikisha ndani kwa Raya, kondoo wangu dume ni wake. Yule mwenye mkia wa mafuta."

Vinyozi wakatazamana. Kondoo yule alijulikana mji mzima.

"Tushindane, lakini kirafiki," alisema Ngwali.

"Kirafiki kabisa," alisema Simai.

"Ni mchezo tu," alisema Mcha.

Kisha kila mmoja akaenda kwake mbio, akafunga mlango, akaongeza mnanaa.

Siku ya harusi ikafika, na hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa kirafiki. Nani anyoe? Ngwali akasema, "Tukinyoa nyuso mbalimbali, mwenzetu atasema uso wangu ulikuwa mwepesi. Tukinyoa siku mbalimbali, atasema siku yangu ilikuwa na wingu. Haki ni uso mmoja, wakati mmoja." Wote wakaona hiyo ndiyo haki. Wakaugawa uso wa Shaame kama warithi wanavyogawana shamba. Shavu la kulia la Ngwali. Shavu la kushoto la Simai. Mcha akapewa kidevu na midomo, akanung'unika kwamba amepunjwa, na mpaka wa karibu na sikio ukapimwa upya kwa kidole.

"Na mimi je?" aliuliza Shaame.

"Wewe tulia," walimwambia. "Wewe ni uwanja."

Vijana wenye posa zao walikuja kutazama, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Ngwali akakoroga povu, akapaka. Shavu la kulia likapoa papo hapo, Shaame akafumba macho kwa raha. "Alhamdulillahi," alisema.

Simai akakoroga povu, akapaka. Hakuna kitu. Shaame akangoja. Hakuna kitu. "Ami Simai, umenipaka uji?" alisema, na shingo ikaanza kumtutumka. "Subiri," alisema Simai, ingawa jasho lilikuwa likimtoka yeye.

Mcha akakoroga povu, akapaka. Lo! Mvuke wa mnanaa ukampanda Shaame machoni, machozi yakamwagika. Midomo ikafa ganzi. Akataka kumtukana Mcha, na kwa hakika alikuwa na tusi zuri, lakini kilichotoka ni "mbu, mbu, mbu."

"Umemuua mtu wa watu," alisema Ngwali.

"Si mlitaka apoe?" alisema Mcha. "Amepoa."

Nyembe zikapita, uso ukafutwa, wakatoka. Njiani, penye kona ya kisima, alisimama jirani mmoja mwenye mdomo mrefu. Akapaza sauti, "Bwana harusi! Leo unarudi saa ngapi, nikuwekee chakula?" Watu wakacheka. Shaame akakunja ngumi, akamwelekea. Kama angempiga, harusi ingeishia pale kisimani. Lakini upepo kidogo ukavuma, ukalipiga shavu la kulia, baridi ya sabuni ya Ngwali ikamwingia mpaka sikioni, na raha yake ikamfanya asahau alikuwa anataka kufanya nini. Ngumi ikakunjuka. Akapita.

Lakini kitamu hakikai. Walipofika mlangoni, baridi ya Ngwali ilikuwa imekwisha yote. Bi Mboja akatoka, akamtazama Shaame kama anayetazama samaki wa jana, akaweka kiganja kwenye shavu la kulia.

"Moto," alisema.

Kisha akamnyoa bila maji. Akamwambia ana uso wa tanuri. Akamwambia kwao hakufunzwa adabu. Akamuuliza, "Na kile kikaango ulichoniambia, leo umekisahau nyumbani?" Shaame alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu mara ile ya pili, amelitunza, amelinoa. Akafungua mdomo alitoe, lakini midomo ya Mcha haikutii. Akabaki amesimama kimya, na machozi ya mnanaa yanamtiririka mpaka kwenye kanzu.

Bi Mboja akashangaa. "Analia? Simba huyu analia kwa ajili ya mtoto wetu?" Moyo ukamlainika. Lakini desturi ni desturi, na shavu moto ni shavu moto. Akainua mkono awarudishe.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango. Ilikuwa ya Raya. "Shangazi yangu, samahani. Mtu ana mashavu mangapi?"

"Mawili, mwanangu."

"Na wewe umeshika mangapi?"

Bi Mboja akautazama mkono wake. Tangu desturi ianze, hakuna shangazi aliyewahi kushika la pili. Akapeleka mkono kwenye shavu la kushoto. Na sabuni ya Simai, ile iliyoitwa uji, ilikuwa imeamka. Shavu lilikuwa baridi kama mtungi wa maji uliokaa kivulini. Bi Mboja akapiga kigelegele mpaka kuku wakaruka. Mlango ukafunguliwa, Shaame akamwona Raya wake, na wote wawili wakalia, huyu kwa furaha, huyu kwa furaha na mnanaa.

Pilau haijapoa, vinyozi wakasimama uani penye kondoo.

Ngwali akasema, "Bila sabuni yangu angepigana kisimani, asingefika. Kondoo ni wangu."

Simai akasema, "Angefika, na angerudishwa. Shavu lililofungua mlango ni langu. Kondoo ni wangu."

Mcha akasema, "Angemjibu Bi Mboja, lingeshikwa shavu la nani? Mimi nilifunga mdomo. Kondoo ni wangu."

Raya akatoka, hina haijakauka mikononi. "Ami zangu, shikamooni. Mkono wa shangazi ulikuwa umekwisha kuinuka, na sabuni zenu zote tatu zimesimama mlangoni hazina la kusema. Niliyesema ni mimi. Kondoo ni wangu."

"Ni mchezo tu," alisema Ngwali, lakini hakucheka. "Kirafiki," alisema Simai, akifuta wembe wake polepole. Mcha alikuwa ananoa.

Wakamgeukia Shaame wote. "Kondoo alikuwa wako. Amua."

Ganzi ya midomo ilikuwa imeyeyuka sasa, hana kisingizio. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake Shaame akasikia baridi mwili mzima bila sabuni yoyote. Maana kwa desturi ya Jotoni Bi Mboja angekuja kila Ijumaa, mwaka mzima, kushika mashavu ya mkwewe, na sasa amejua kwamba ni mawili. Kinyozi hajinyoi, seuze Shaame asiyejua hata kushika wembe. Kila Ijumaa itambidi akae, ainue kidevu, amtolee shingo mmoja wa watu hawa. Akimpa kondoo kinyozi mmoja, wamebaki wawili wenye nyembe. Akiwapa wao, amebaki Raya, na kitanda cha kulalia ni cha kwao Raya.

Shaame akashika shingo yake, akawaza. Kondoo akawa analamba povu lililobaki kwenye bakuli, akapiga chafya.

Haya, ninyi mliokaa hapa na shingo zenu salama, msaidieni kabla ya Ijumaa. Je, nani alistahili kondoo? Na wewe unayejibu upesi hivyo, wiki ijayo utanyolewa na nani?