Shali ya Lukas

Wahenga waliposema kawia ufike, hawakuwa wakiwasifu wavivu. Walimaanisha kwamba anayechelewa njiani lakini akafika ni bora kuliko anayetimua mbio akaishia mtaroni. Mama Dorotea wa Sikka, kisiwani Flores, aliijua maana hiyo barabara, ingawa ilimbidi kwanza aumbuke.

Mwanawe Lukas, shemasi, alitarajiwa kupewa upadre baada ya Pasaka. Mama akaapa kumfumia shali nyekundu ya siku hiyo. Wekundu wa huko hutoka kwenye mizizi iliyotwangwa, na nyuzi hupakwa kwanza mafuta ya kemiri, kokwa za mti wa huko, zikaachwa mwaka mzima ziyanywe. Mfumaji huyu hodari akaingiwa na kiwewe cha Pasaka. Akaziacha miezi miwili tu, akazichovya rangini. Alipozisuuza, maji yakawa mekundu na nyuzi zikapauka kama ufizi wa mtoto. Akazificha chini ya kitanda kwa aibu.

Wiki hiyohiyo askofu akaandika: Lukas ahudumu mwaka mmoja zaidi katika kisiwa kidogo kisicho na padre, ndipo apewe daraja. Ilikuwa mara ya tatu kuahirishwa. Lukas aliingia jikoni, akabwaga begi, akaketi.

"Basi, Mama! Wenzangu wanaadhimisha Misa, mimi bado nawashikia vitabu. Jumatatu napanda meli, nakwenda Malaysia kuvuna chikichi."

"Shusha sauti. Chungu cha rangi kiko hapo. Ukigomba karibu nacho, rangi inagoma."

"Rangi, rangi! Unajali chungu kuliko mimi?"

Neno hilo lilimchoma mama. Akaingia chumbani, akatoa zile nyuzi uvunguni, akarudi akazitupa mapajani mwa mwanawe.

"Ndiyo shali yako ya Pasaka hiyo."

"Mbona imepauka hivi?"

"Nilimkimbiza Mungu, mwanangu. Nilitaka aende na kalenda yangu. Kwa nini anakukawiza, sijui, wala sitakudanganya. Ila mimi naanza upya leo. Ukitaka Malaysia, nenda. Shali nitaifuma tu."

Lukas aliziweka kando zile nyuzi. Kisha akavuta kinu, akaanza kutwanga kemiri. Jumatatu alipanda meli kweli, lakini ya kile kisiwa kidogo.

Mwaka ulikuwa mrefu. Jirani yao Tanta Regina, mwenye ulimi wa upupu, hakukosa la kusema kila apitapo.

"Dorotea, hiyo shali ni ya upadre au ya maziko yako?"

"Yote yana siku yake, Tanta. Pita, usiniharibie rangi."

Mama Dorotea hakuzigusa nyuzi mpya zilizopakwa mafuta hadi mwaka ulipotimia. Ndipo akachovya, akaanika, akachovya tena, akafuma.

Siku ya daraja, maandamano yakiwa uwanjani, mvua ikashuka kwa ghadhabu. Shali ikalowa chepechepe juu ya kanzu nyeupe ya Lukas. Tanta Regina akanyoosha shingo kutafuta doa. Lukas akamtazama mama yake, akashika ncha ya shali, akaikamua mbele ya watu wote. Maji yakatoka meupe kama ya kisimani.

"Haichuji!" Tanta Regina akapiga kelele, akasahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa akicheka.

Mama Dorotea alilia kwa furaha, wala hakujificha. Lukas akapanda ngazi za kanisa, shali iking'aa mabegani, akaenda kupiga magoti mbele ya askofu. Ama kweli, kawia ufike.