Mawe ya Msingi ya Mheshimiwa Kiboko

"Hadithi, jamani, hadithi!"

"Ije, tumeshakaa, ije!"

"Ije kwa mbio au kwa miguu?"

"Kwa miguu, na isikwame kwenye tope!"

Basi hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Vichakani. Ah, mji ule! Njia zake hazikuwa na majina, lakini kila njia ilikuwa na harufu yake. Ya sokoni ilinukia mrihani. Ya kisimani ilinukia udongo uliopata maji. Na asubuhi, jua likiwa bado changa, ungesikia fagio: fyagu-fyagu, fyagu-fyagu. Ndiyo ilikuwa desturi. Kila mwenye nyumba alifagia kutoka mlangoni pake mpaka mlangoni pa jirani, naye jirani akapokea hapo, akafagia, mpaka mji mzima ukaunganika. Desturi ile imekwenda wapi, sijui. Siku hizi tunafagia mpaka mwisho wa ukuta wetu tu.

Aliyefagia kuliko wote ni Sange. Mnamjua Sange? Ni kamnyama kadogo kama panya, miguu myembamba, pua ndefu kama mkonga uliosahau kukua. Kutwa yuko kwenye vijia vyake, anaondoa jani, anaondoa kijiti. Fyagu-fyagu.

Lakini palikuwa na mahali ambapo fagio halikufaa kitu. Mahali hapo ni Bonde la Tope, kati ya mtaa wa kina Sange na kilima chenye nafaka. Kila masika bonde lilijaa maji. Masika yaliyopita, jirani yake Sange, Mama Kwale, alijaribu kuwavusha vifaranga wake wakatafute chakula. Wa kwanza akateleza, chubwi! Wa pili, chubwi! Mama Kwale alifika ng'ambo peke yake.

Si kwamba wakazi walikuwa wavivu. Kila mavuno kila nyumba ilitoa kibaba cha mtama, kiwe chakula cha watakaojenga barabara. Mawe nayo waliyateremsha kutoka mlimani, wakubwa wakisukuma, wadogo wakiimba. Vyote wakavikabidhi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Njia, Mheshimiwa Kiboko.

Naye Kiboko akaitisha mkutano ufukweni mwa ziwa. Akachora ramani ya barabara mchangani kwa wayo wake mpana. Ramani nzuri! Wote wakapiga makofi. Wimbi likaja, shwaa, likaifuta.

"Mheshimiwa, barabara yetu je?"

"Mchakato unaendelea."

"Na mtama wetu?"

"Uko kwenye mchakato," akasema Kiboko, huku anatafuna. Kwacha-kwacha.

"Na mawe?"

"Nayo vilevile."

Mawe yenyewe yalikuwa yamezunguka dimbwi lake la kuogea, yakizuia maji yasitoroke.

Mwaka ukapita. Mawingu yakaanza kukusanyika tena, na Mama Kwale alikuwa ameatamia mayai. Sange alipopita na fagio lake alimkuta analia.

"Somo yangu," akasema Mama Kwale, "hawa wakitotolewa, mvua itakuwa imeshafika. Niwapitishe wapi? Mwaka huu sizai chakula cha tope."

Sange akasimama. Pua ikacheza huku, ikacheza kule. "Atamia tu, somo. Mimi naenda kwa Mheshimiwa."

Akamkuta Kiboko dimbwini, masikio tu yako juu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kama ni barabara, mchakato..."

"Barabara? Nani kataja barabara? Sisi wadogo tunataka heshima tu. Njoo utuwekee jiwe la msingi. Hata barabara isipojengwa, tutasema: Mheshimiwa alifika."

Kiboko akainua kichwa. Maji yakamtiririka. "Vigelegele vitakuwapo?"

"Mpaka masikio yako yaombe msamaha."

"Na wimbo?"

"Wenye jina lako ndani."

Kiboko akang'oa jiwe ukingoni mwa dimbwi, maana jiwe la Mwenyekiti haliwezi kuwa kokoto. Akalibeba mpaka bondeni, mlangoni pa Mama Kwale. Akaliweka. Akalikanyaga lisitikisike: ndi! ndi! ndi! Wakazi wakaimba:

"Kiboko kaweka jiwe,
jiwe limeshika chini!"

Vigelegele vikapaa. Kiboko usiku ule hakulala kwa furaha.

Kulipokucha, Sange huyo tena. "Mheshimiwa, pana manung'uniko. Nungunungu anasema, Kwale kawekewa jiwe, yeye kakosa nini?"

"Asinung'unike!" Kiboko akang'oa jingine, akaliweka kando ya lile la kwanza. Ndi! ndi! ndi!

Kesho yake: "Mheshimiwa, Kobe amenuna."

Ndi! ndi! ndi!

"Mheshimiwa, Kenge anasema hutendi haki."

Ndi! ndi! ndi!

Jiwe likafuata jiwe, wimbo ukafuata wimbo. Mbele ya kila jiwe Sange alifagia tope, fyagu-fyagu, Mheshimiwa asichafuke miguu. Mpaka wakafika katikati ya bonde. Hapo Kiboko akasita, jiwe likiwa mdomoni. Akalitua.

"We Sange! Hapa anaishi nani?"

Sange akatazama huku na huku. Kulia tope, kushoto tope. Na juu, ngurumo. Akasema kwa sauti kubwa, "Hapa anaishi mpigakura, Mheshimiwa! Sijui kama ametoka au yumo."

Tope likafumuka, bwok! Kichwa cha Chura hicho. "Nimo! Na ukoo wangu wote umo, kutoka hapa hadi ng'ambo! Tuna uchungu, hatuna hata jiwe moja!"

"Wote hao?" Kiboko akashangaa. "Na wote wanapiga vigelegele?"

Bonde zima likajibu: kwoo! kwoo! kwoo!

Basi Kiboko akafanya kazi siku ile kama hajawahi. Anakwenda, anarudi. Anang'oa, anabeba, anakanyaga. Jiwe la mwisho lilipogusa mguu wa kilima, akaenda zake kulala, hoi.

Mvua ikaja. Shaaa! Na mayai yakapasuka, tik, tik, tik.

Asubuhi Kiboko akaamka amekaa kwenye matope. Dimbwi halikuwa na ukingo, na maji yalikuwa yameondoka bila kuaga. Akakimbia bondeni akiunguruma. Na alichokiona! Mama Kwale anavuka juu ya mawe, vifaranga nyuma yake mstari mmoja, ti-ti-ti, ti-ti-ti, maji yakipita kulia na kushoto.

"Nani kajenga barabara?" akafoka Kiboko. "Nani? Kwa kibali cha nani?"

Vifaranga wakasimama. Sange akatoka na fagio lake, akainama kwa adabu.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Kila jiwe lina wayo wako."

Kiboko akatazama. Akaweka mguu juu ya alama moja, ikamkaa sawasawa. Akafungua mdomo kufoka, na mdomo wa kiboko unavyofunguka mnajua. Lakini kabla sauti haijatoka, mtaa mzima ukapasuka kwa vigelegele.

Mdomo ukabaki wazi kitambo. Kisha Kiboko akakohoa, akatunisha kifua.

"Ndugu wananchi," akasema, "kama nilivyowaahidi siku zote..."

Akahutubia. Mvua ikanyesha, akahutubia. Mama Kwale akapita na wanawe, akahutubia. Walipofika juu kilimani, wakiokota mtama, sauti yake bado ilikuwa inasikika kwa mbali.

"Hadithi imefika?"

"Imefika, miguu mikavu!"

Basi funzo ni hili, wanangu. Mwaminini mwenyekiti wenu, wala msimsumbue. Akisema mchakato unaendelea, kaeni mngoje, barabara itakuja yenyewe. Na yule Sange msimwige hata kidogo, kwani yeye alifanya nini? Alikuwa anafagia tu.