Viatu vya Mkunga

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana gambuti zilishakuwepo, palikuwa na mkunga mmoja tu katika milima yote ile. Kaeni sawa, hii hadithi ikinikaa kifuani situlii mpaka niitoe. Mkunga aliitwa Nakijwa. Siku hiyo hakuwepo mlimani. Alikuwa ameteremka bondeni kwenye harusi ya mpwa wake, kavaa viatu vyekundu vya visigino virefu, anacheza.

Huku juu, mwanamke mmoja, Namsi, akashikwa na uchungu, mwezi mzima kabla ya siku zake. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza hivyo hivyo. Mumewe, Kihiyo, akatoka mbio kumfuata mkunga. Akapita mlangoni kwa Nakijwa, akaviona viatu vyake vya safari vinaning'inia kwenye msumari, akavipita! Alipoulizwa alisema, "Nilitumwa mkunga, sikutumwa viatu." Wanaume, jamani.

Basi Nakijwa akatoka harusini vile vile alivyo. Mnataka kuniuliza kwa nini hakuazima viatu vya mtu? Harusini, nani kavaa vya shamba? Nisikilizeni.

Wakaingia kwenye mbuga ya migunga. Kisigino cha kwanza kikavunjika, cha pili kikafuata. Nakijwa akavitupa, akaenda peku, na miiba ile ni mirefu kama sindano za magunia. Hatua kumi tu, akakaa chini analia. Akatokea mwanamke mchunga mbuzi, jina lake Nambike, miguuni ana makatambuga ya tairi. Akayavua.

"Vaa, dada. Kuna mtu anakusubiri."

"Na wewe?"

"Mbuzi wangu hawavai viatu na wanafika."

Akacheka, lakini alirudi kwao akiacha damu njia nzima, na kwa siku tatu kisigino chake hakikugusa chini.

Haya, twende. Wakafika kwenye majaruba ya mpunga. Mvua ilikuwa imenyesha, tope linafika gotini. Makatambuga yakanasa, mkanda mmoja ukakatika, na wa pili. Nakijwa hatoki. Pembeni alikuwepo mwanamke anapanda mpunga, Nakiete, kavaa gambuti.

"Mnakwenda kwa nani mbio hivyo?"

"Kwa Namsi."

Nakiete akaacha kupanda. Kihiyo akainamisha uso. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulikuwa umewafanya Nakiete na Namsi wasisalimiane mwaka wa pili sasa, hata msibani. Roho ya Kihiyo ikawa juu juu. Nakiete akatema mate, akang'oa mguu mmoja, akang'oa wa pili, akajaza nyasi ndani ya gambuti zisimpwaye mkunga.

"Vaa. Na mkamwambie sijamsamehe."

Akarudi kupanda peku, ruba wakamshika miguu yote.

Ikabaki kupanda jiwe. Jiwe jeusi, limeota ukoga, maji yanalichuruzikia, na chini yake ni korongo. Nakijwa akapanda na gambuti zake, akateleza. Akapanda tena, akateleza. Mara ya tatu akabaki ananing'inia kwenye mzizi, Kihiyo anapiga kelele tu. Juu yake akasimama Elinaja, mchuuzi wa ndizi, anateremka sokoni na mkungu kichwani.

"Vua hizo gambuti!"

"Nimeshachomwa miiba, mama, sivui tena!"

"Jiwe hili halitaki kiatu, linataka vidole. Vua, utakufa!"

Nakijwa akazipiga teke zikaanguka korongoni, vidole vikashika, akapanda. Elinaja akapishana naye, akaenda zake sokoni. Hakutoa kiatu, hakutoa damu, hata mkungu hakuutua.

Nakijwa akafika. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu na kitovu kimemzunguka shingoni. Akamgeuza, akamtoa, akampiga kofi, mtoto akalia. Binti! Namsi akamkumbatia, akalia kuliko mtoto. Nakijwa akasema, "Ningechelewa kidogo tu, mngezika wawili."

Sasa ndipo pananitoa jasho. Kule milimani, mtoto wa kike hupewa jina la mwanamke aliyemfikisha mkunga. Huitwa jina hilo na kuwekwa mikononi mwa mwanamke huyo kabla kitovu hakijaanguka, na kuanzia hapo mtoto ni somo wake: atamtekea maji uzeeni, na akifa atamlilia kama mama yake. Jina ni moja tu.

Wakaja wote watatu.

Nambike, anachechemea, akasema, "Mimi sikujaliwa mtoto. Wenzangu walitoa walichotoa, mimi nilitoa nyama ya mguu wangu."

Nakiete akasema, "Kumsaidia usiyemjua ni kazi gani? Mimi nilimsaidia ninayemchukia. Nileteeni mwingine aliyefanya hivyo."

Elinaja akasema, "Makatambuga yalimnasa topeni. Gambuti zilitaka kumuua. Mimi ndiye niliyemwambia ukweli wa njia."

"Neno tu!" Nambike akamjia juu. "Neno linavimba kisigino?"

"Bila hilo neno mngekuwa matangani!"

Kihiyo akaona watapigana. "Basi aitwe Nakijwa, yaishe!"

"Mkunga hampi jina lake mtoto aliyempokea," Nakijwa akasema. "Unanitafutia laana?"

Namsi akamtazama Nambike, akaona mguu ule, machozi yakamtoka. Akamtazama Nakiete, naye hakukwepesha macho, mara ya kwanza kwa miaka miwili. Akamtazama Elinaja, akakumbuka lile korongo. Mtoto akajinyoosha, akalia. Kitovu kimeshikwa na uzi tu.

Namsi akasimama, kamshika mtoto, na mbele yake ipo mikono sita imenyooshwa. Msiangaliane, nawauliza nyinyi, na upesi, maana uzi ule hausubiri: mngemweka mikononi mwa nani?