Kikapu cha Jirani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na mashamba, majiko na majirani wa kuamkiana nao asubuhi, Tembo alilima viazi vitamu upande wa juu wa mto. Nyati alilima viazi vitamu upande wa chini. Katikati yao, juu ya mkuyu, aliishi Kindi na watoto wake wawili, Karanga na Ufuta.

Kindi hakuwa na shamba. Alikuwa na meno makali, basi. Kiangazi kilichopita kilikuwa cha njaa, na mama watoto hakukivuka. Kindi hakupenda kulizungumza jambo hilo. Alichokizungumza ni pango.

Pango lenyewe lilikuwa mlimani, kavu, lenye ubaridi, na mlango wake ulizibwa na jiwe kubwa. Kindi peke yake ndiye aliyeweza kupenya, kupitia ufa mdogo wa pembeni. Kabla ya masika aliokota viazi vichache vilivyosahauliwa shambani, akavikata vipande vyembamba, akavianika juani mpaka vikawa michembe, akaificha humo. Masika yakaja, hata mikeka ikaota ukungu. Michembe ya pangoni ikabaki mikavu na mitamu kama siku ya kwanza.

Kindi akapiga hesabu yake. Tembo akilisukuma jiwe, na Nyati akikanyaga udongo wa kuziba nyufa, viazi vya wote vitavuka kiangazi bila kuoza. Yeye atakata, ataanika na atalinda, na katika kila vikapu kumi atapata kimoja. Kikapu hicho ndicho kitakachowavusha Karanga na Ufuta. Na mavuno yalikuwa yameshaanza.

Basi akajiandaa kama msomi. Alichuma majani mabichi ya mgomba, akayachora kwa mkaa jani baada ya jani, akayakunja vizuri, akaenda kwa Tembo.

"Hodi."

"Karibu, bwana mdogo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Umekuja na mzigo leo."

"Nimekuja na maelezo, mzee." Kindi akatandaza jani la kwanza. "Hili linaonyesha ukubwa wa tatizo la chakula katika pori letu." Akatandaza la pili. "Na hili linaonyesha tutakavyokuwa miaka ijayo. Mapango saba. Pori zima litakula kutoka kwetu, mpaka Simba."

"Simba hali viazi."

"Ataanza, mzee. Tazama jani la tatu."

Nyafu, nyafu, nyafu.

Kindi akageuka. Jani la kwanza halikuwepo.

"Mzee, umekula tatizo."

"Lilikuwa bichi," alisema Tembo. "Endelea, nakusikiliza."

Kindi akaharakisha. Kadiri alivyoharakisha, ndivyo mkonga ulivyomfuata nyuma. Alipofika jani la mwisho, lilitoweka kabla hajalikunjua.

Tembo akajifuta mdomo. "Umesema maneno mazuri sana. Sasa, hasa, ulikuwa unataka nini?"

Kindi alikuwa anatoka jasho. Maneno yote yalikuwa kwenye majani, na majani yalikuwa tumboni. Akaaga.

Nyumbani Karanga akamwuliza, "Baba, mzee Tembo amekubali?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Maelezo."

Ufuta akacheka mpaka ikabidi ashikwe mkia asianguke kwenye tawi. Kindi naye akacheka kidogo, kisha akafikiri. Amempelekea mlaji mchoro wa chakula. Kosa ni la nani?

Sasa, katika pori lile kulikuwa na adabu moja: kikapu cha jirani hakifunguliwi njiani, na anayekibeba haulizwi mara mbili. Asubuhi Kindi akatia michembe katika kikapu, akakifunika, akakifunga kamba, akapita mbele ya nyumba ya Tembo bila kubisha hodi.

Tembo alikuwa amesimama kando ya shimo lake la viazi. "We Kindi, siku hizi unapita tu?"

"Nisamehe, mzee, nina haraka. Kikapu cha Nyati hiki." Akasita kidogo. "Mavuno vipi mwaka huu?"

Tembo akapumua, fuuu. "Mavuno si shida. Shida ni shimo. Mwaka jana viazi vyote vilioza. Mama watoto alininunia mpaka mvua zikarudi."

"Pole, mzee. Nyati naye shimo lake lilioza hivyo hivyo. Ndiyo maana..."

"Ndiyo maana nini?"

"Mambo ya watu, mzee. Kwaheri."

Lakini mkonga ulikuwa umeshafika kwenye kikapu. Snif, snif. "Kinanukia kiazi."

"Ni viazi. Vya kabla ya masika."

"Mwongo wewe."

"Haya, mimi mwongo. Niachie basi niende."

"Ngoja, ngoja. Adabu ni kutofungua. Kuonja si kufungua. Kimoja tu, nikuumbue."

Kindi akalegeza kamba, akatoa mchembe mmoja. Kacha, kacha. Tembo akatafuna polepole, akifumba jicho moja.

"Kabla ya masika?"

"Kabla ya masika. Nilivikausha, nikavihifadhi katika pango la mlimani. Na nisikufiche, mzee: ukivihifadhi kabla havijakauka sawasawa, vitaoza na vya wenzako vitaambukizwa. Tena mlango wa pango una jiwe ambalo mimi siliwezi. Ni jiwe moja tu. Labda Nyati."

"Nyati? Kwa pembe zile? Atalikwaruza tu." Tembo akajinyoosha. "Mimi nikilisukuma, viazi vyangu vitapata nafasi?"

"Vitapata. Katika kila vikapu kumi, kimoja changu cha kukata na kulinda. Kesho jua likitoka tunaanza."

"Kimoja kwa kumi si kitu. Mwaka jana vyote kumi vilikwenda na funza."

Kindi akashuka mpaka kwa Nyati na kikapu kile kile.

"Cha nani hicho?" Nyati aliuliza, kwa maana yeye hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Cha Tembo, bwana Nyati. Michembe. Kesho anafungua pango la kuhifadhia."

"Tembo? Yule anayeogopa hata kulowesha masikio? Hebu nione."

"Ni kikapu cha mtu."

"Naonja tu."

Kacha, kacha, kacha. Nyati akaonja mara tatu, kwa sababu ya kwanza hakuiamini na ya pili aliisahau kwa utamu.

"Amekuambia mimi nisiingie?"

"Hajasema hivyo. Nyufa zinahitaji udongo uliokanyagwa vizuri, na yeye miguu yake ni laini."

"Miguu laini," alisema Nyati, akaanza kukwaruza ardhi.

Kesho yake jiwe lilitoka, guruguru, puu. Udongo ukakanyagwa, chapa, chapa, chapa. Tembo akapanguza jasho, akasema kwa ukarimu, "Nyati, ulifanya vema kuanzisha jambo hili."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeanzisha. Kikapu chako si kilipita kwangu?"

"Kikapu changu? Kilikuwa chako."

Wote wawili wakageuka. Kindi alikuwa juu ya jiwe, meno yamesimama katikati ya kiazi alichokuwa anakikata.

"Kindi," alisema Tembo, "kile kikapu kilikuwa cha nani?"

Kindi aliona njia ya kukimbilia, akaiacha. Akateremka.

"Kwa mzee Tembo, kilikuwa kinakwenda kwa Nyati. Kwa bwana Nyati, kilikuwa kimetoka kwa Tembo. Nilidanganya juu ya jina la mwenyewe. Juu ya michembe sikudanganya, mliionja wenyewe. Anayetaka kuondoka aondoke na viazi vyake, sitamzuia."

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Tembo.

"Ukiondoka wewe," alisema Nyati, "nafasi yako naichukua mimi."

"Na nani kasema naondoka? Kanyaga udongo wako." Tembo akamsogezea Kindi kikapu cha kwanza cha viazi. "Kata, bwana mdogo. Vyembamba, kama vile vya jana."

Kiangazi kilikuja, mto ukabaki mchanga, na mashimo ya wengine yakanuka uozo. Juu ya mkuyu Karanga na Ufuta waligombania mchembe mkubwa, wakagombana mpaka wakashiba, wakalala.

Ndivyo ilivyokuwa, nami nimeufikisha mzigo wangu: ukitaka mkubwa aingie nawe kazini, mwonjeshe kidogo kabla hujamweleza mengi.