Pimbi na Kamera Iliyomeguka Pembe

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, ya watu waliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi watu wazima zimeni simu zenu, maana ngano hii inawahusu kuliko watoto.

Hapo kale, kale ya kale, wakati Ngiri bado anakula majani amesimama wima kama ng'ombe, wanyama wa ziwa la chumvi walikuwa na wapiga picha wao. Msinicheke. Nani kawaambia kupiga picha kumeanza na nyinyi?

Mtengenezaji wa kamera alikuwa Mchwa. Kiwanda chake kilikuwa ndani ya kichuguu, kutwa kucha kri-kri-kri, kri-kri-kri. Alitengeneza Jicho la Kwanza. Akatengeneza Jicho la Pili. Akatengeneza Jicho la Tatu, na hilo ndilo lililowatia watu wazimu. Lilikuwa dogo, linaingia kwapani. Picha unaiona papo hapo kwenye kioo cha nyuma. Betri yake unaianika juu ya jiwe kama dagaa, jua likizama imejaa. Na halikuwa na makelele. Kamera nyingine zikipiga zilisema KACHA! mpaka swala anakimbia na mimba yake. Jicho lilisema tsi, kama mtu anayeficha kicheko.

Ila moja lilikuwa nayo. Halikuwa na haraka. Ukilibonyeza linafikiri kwanza, ndipo linapiga. Asiyelijua alipata picha ya mkia wa mnyama aliyekwisha kupita.

Pimbi alilijua. Huyu Pimbi alikuwa mwanamke mfupi wa majabalini, hana mkia wala hana maneno mengi. Alipiga picha tangu Jicho la Kwanza. Alishapiga wazee, alishapiga vitoto, alishapiga harusi ya binti Kiboko, na huko harusini ndiko kamera yake ilikoanguka jiweni, pa! ikameguka pembe. Pimbi akaifunga mkanda wa ukindu aliousuka mwenyewe, akaifuta matope, akaendelea na kazi.

Siku moja Mchwa akatoka mlangoni. Akasema, "Jicho sitengenezi tena. Sasa natengeneza vigoda. Kigoda hakina betri, wala mwenye kigoda haji kunilalamikia." Akarudi ndani. Akafunga mlango.

Basi. Mtu kasema, kamaliza. Lakini wapiga picha wakabaki pale pale wanautazama mlango.

Ngiri akasema, "Mmeona alivyoufunga?" Ngiri alikuwa fundi wa kila kitu, kwa maneno yake mwenyewe. Mikono ilimtetemeka, lakini mdomo haukutetemeka hata kidogo.

"Kaufungaje, mjomba?" akauliza Kima, mpiga picha wa ngoma.

"Taratibu! Mtu aliyemaliza kazi hufunga mlango pu! Anayefunga taratibu ana kitu ndani kimelala, hataki kukiamsha."

"Jicho la Nne!"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Kufika jioni ziwa zima lilikuwa linaimba:

*La Nne laja, laja la Nne,*
*Tulia tuli, ngoja uone!*

Kila asubuhi wakawa wanakutana mbele ya kichuguu. Hawapigi picha. Wanazungumza juu ya picha watakazopiga. La Nne litakuwa na kioo kipana. La Nne litaona gizani. La Nne halitafikiri, likibonyezwa tu, tayari. Kima akasema litaelea majini. Ngiri akasema litampa mtu mkono wa kutotetemeka, na hapo wote wakainamisha vichwa kwa heshima, maana walijua jambo hilo limemtoka moyoni.

Akaja Kasuku. Kasuku mnamjua. "Nimesikia! Nimesikia!"

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa aliyesikia! Mchwa atabadilishana. Ukipeleka Jicho la Tatu lisilo na mkwaruzo, unapewa la Nne. Lenye mkwaruzo halipokelewi!"

Loo! Waliolala wakaamka, walioamka wakakimbia. Kila mmoja akaipaka kamera yake mafuta, akaifunga kwenye ngozi, akaitumbukiza mtungini, akaziba mdomo wa mtungi kwa nta. Hakuna kuigusa. Hakuna kuitoa. Na wakati wenyewe ulikuwa masika, mvua inanyesha chwaa, chwaa, hata mawe yanatoa jasho.

Na Pimbi je? Mnadhani Pimbi alikuwa na akili? Aaa, wapi. Pimbi naye aliifunga. Alijua ina pembe iliyomeguka, lakini akajiambia, labda Mchwa hatatazama upande huo. Tamaa ikiingia ndani, aibu hutokea dirishani.

Akakaa juu ya jabali lake mikono mitupu. Siku moja Chui akapita chini yake, karibu kabisa, amembeba mwanawe mdomoni, mtoto ananing'inia, manyoya yana umande na jua linatokea nyuma. Pimbi mkono ukaenda kwapani wenyewe. Kwapani hamna kitu. Chui akapita. Akapotea kichakani.

"La Nne lingeiweza ile," Pimbi akasema.

Basi ndipo alipokuja Bi Heroe. Bi Heroe alikuwa mkubwa wa ndege wote wa ziwa lile, mwekundu kama machweo, miguu mirefu, maneno mafupi. Akawakuta wapiga picha mbele ya kichuguu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, bibi."

"Maji ya ziwa yamebadilika. Chakula chetu hakimei tena. Mvua ikikatika, asubuhi ile jua litakapogusa maji, tunaruka sote. Haturudi. Watoto wetu watazaliwa huko tuendako. Wakiuliza kwao ni wapi, sitaki kuwajibu kwa mdomo. Nataka picha moja. Ziwa hili, na sisi sote juu yake."

Ngiri akacheka. "Bibi, una bahati! Utapigwa na la Nne!"

"Liko wapi?"

"Laja."

"Na tukiruka halijafika?"

"Bibi, subira huvuta heri," akasema Kima.

"Subira nimeikalia juu ya mayai tangu hujazaliwa," Bi Heroe akasema. "Usinifundishe." Akamgeukia Pimbi. "Wewe ndiye uliyempiga picha mama yangu kabla hajafa. Neno lako ni lipi?"

Wote wakamtazama Pimbi.

"Nitakuwepo, bibi."

"Sikukuuliza kama utakuwepo. Ziwa zima litakuwepo. Utapiga?"

"Nitapiga."

Neno likishatoka halirudi. Pimbi akarudi jabalini akiutazama ule mtungi kama mtu anayetazama mlango wa mgonjwa. Akiufungua, kamera itapata mkwaruzo mwingine, haitabadilishwa. Asipoufungua, na la Nne lisipokuja, ni nani tena atamwamini? Akangoja. Mvua chwaa, chwaa. Huko kichuguuni wanaimba:

*La Nne laja, laja la Nne,*
*Tulia tuli, ngoja uone!*

Kesho yake Kasuku huyo, anapeperusha picha mguuni. "Nimelipata! Nimeliokota! Jicho la Nne hili hapa, limepigwa kwa siri!"

Wakaparamiana. Picha yenyewe ilikuwa ukungu mtupu. Kitu cha kijivu, kimekaa juu ya jiwe, upande mmoja kimejikata.

"Tazameni umbo!" akalia Kima. "Pembe moja imekatwa! Kwa nini imekatwa?"

"Ili kidole kikae," akasema Ngiri. "Ufundi huo! Na mgongo wake, mmeona? Una rangi ya udongo. Halitaonekana porini. Na aliyepiga picha hii ni bingwa. Katikisa mkono kusudi, Mchwa asije akamjua."

Pimbi alikuwa nyuma, mfupi, haoni. Akapenya katikati ya miguu ya watu. Akatazama. Akatazama tena. Akaona jiwe, na jiwe analijua. Akaona mkanda, na mkanda ni wa ukindu, fundo lake ni la mkono wake mwenyewe.

"Hii ni kamera yangu," akasema.

Wote wakageuka.

"Ni kamera yangu, siku ya harusi ya binti Kiboko. Imetoka kuanguka. Hiyo si rangi, ni matope. Na aliyepiga ni wewe, mjomba Ngiri. Ulisema unajaribu mwanga. Ulipoichapa ukaona imeharibika, ukaitupa."

Ngiri akavimba. "Mimi? Mimi nipige ukungu kama huu?"

"Sasa hivi umesema ni kazi ya bingwa."

Wadogo wakacheka, kwi kwi kwi! Wakubwa wakakasirika. "Wivu huo, Pimbi!" akasema Kima. "Kwa kuwa yako ni mbovu, haitapokelewa, unataka sote tukose!"

"Dada yangu, nenda kalale," akasema Ngiri. "Wakati wetu ukifika utakuja kutuomba utazame kidogo."

Pimbi akageuka. Ukibishana na anayeota utamwamsha tu, naye atakuchukia. Akaenda zake. Na njiani alikuwa anajicheka, akisema moyoni: Watu wazima, macho yetu ndiyo kazi yetu, tumekaa siku hizi zote tunamezea mate kamera ambayo mimi nimeizika mtungini!

Akafika. Akachukua jiwe. Mtungi, pwaa!

Akaivua ngozi, akaitazama lenzi, moyo ukamlipuka. Pembeni mwa kioo kulikuwa na utandu mweupe, nyuzi nyuzi, kama buibui kaanza kujenga. Kuvu. Lenzi ni kama mdomo, ukiufunga siku nyingi unaota mambo. Kamera ikifungiwa gizani na unyevu, kuvu hula kioo chake, na kikishaliwa katikati hakuna fundi. Yake ilikuwa bado imeliwa ukingoni tu.

Pimbi akaipangusa kwa sufi, kidogo kidogo, huku amebana pumzi. Mawingu yakipasuka, anaiweka juani. Mvua ikirudi, anaiingiza kwapani. Akapiga picha. Akapiga mjusi. Akapiga tone la maji. Akajikumbusha lile jicho linavyofikiri, linafikiri kwa muda gani. Mkono ukarudi kazini kama mke aliyekuwa kwao kwa hasira.

Akapita kwa wenzake akawaambia, "Jamani, fungueni mitungi. Kuna kuvu."

Wakamjibu kwa wimbo. Mnaujua.

Asubuhi moja kimya. Mvua imekatika. Mbingu imeoshwa. Jua likachungulia, likaja polepole, likagusa maji.

"Heroe wanaruka! Heroe wanaruka!"

Kima akakumbuka kazi yake. Ngiri akakumbuka. Wakakimbia nyumbani, wakavunja mitungi, pwaa! pwaa! wakaja ukingoni wanahema. Kima akaweka jicho kwenye kamera, akapiga yowe. "Imeota ndevu! Kamera yangu imeota ndevu!" Ngiri akatazama ndani ya yake, akaona weupe mtupu, kama kutazama ndani ya uji.

Pimbi alikuwa amelala kifudifudi juu ya jabali tangu alfajiri.

Heroe wote walisimama majini, ziwa zima limekuwa jekundu. Bi Heroe mbele. Sasa sikilizeni. Heroe haruki kutoka aliposimama kama shomoro. Heroe hukimbia kwanza juu ya maji. Bi Heroe akanyoosha shingo, akaanza: cha, cha, cha, cha.

Hapo hapo, hawajanyanyuka hata mmoja, Pimbi akabonyeza.

"Kawahi!" akacheka Ngiri. "Kapiga miguu!"

Jicho likafikiri. Cha, cha, cha, cha. Jicho likafikiri. Kima akasema, "Limekufa hilo." Jicho likafikiri. Maji yakapasuka, mbawa zikafunguka maelfu kwa maelfu, frrrrrr! anga ikawaka.

Tsi.

Pimbi akageuza kamera, akatazama kioo cha nyuma. Ziwa lote. Jua lote. Heroe wote hewani, na chini ya kila mmoja mstari wa matone, kama shanga zilizokatika.

Bi Heroe akazunguka, akarudi, akatua kando ya jabali. Akaitazama picha kwa muda. Hakulia, hakushukuru sana. Akasema, "Ndiyo. Ni kwetu." Akanyoosha mguu. Pimbi akatoa kadi ya kamera iliyotunza picha, akaifunga kwa ukindu kwenye mguu ule, fundo mara mbili. "Huko muendako mtafuteni fundi wa kuchapa, bibi." Bi Heroe akaruka. Neno la Pimbi likaenda naye, zima.

Lakini Kima na Ngiri nao walikuwa wamepanda jabalini, wakaichungulia picha juu ya bega la Pimbi. Midomo wazi.

"Pimbi," Kima akanong'ona. "Umelipata wapi?"

"Nimepata nini?"

"La Nne!"

"Ni hili hili la siku zote. Tazama pembe."

"Ndiyo, pembe!" akalia Ngiri. "Si ndilo lenye pembe iliyokatwa? Tuliliona kwenye picha! Pembe ndiyo siri!"

Pimbi akawatazama, mmoja mmoja. Akaitia kamera yake kwapani, akaondoka. Mgonjwa wa namna hiyo haaguliki.

Nyuma yake akasikia, pa! Kima kaimegua kamera yake pembe. Akasikia, pa! Ngiri naye kaimegua kwa jino lake. Wakazipeleka kichuguuni mbio. Mchwa akafungua mlango, akatazama, akasema, "Hata kuwa miguu ya vigoda hazifai." Safari hii aliufunga mlango pu!

Ngiri akarudi kuitafuta ile pembe, aigundishe. Haioni. Akapiga magoti, akachakura. Ndiyo maana mpaka leo Ngiri hula amepiga magoti. Mnadhani anakula. Anatafuta. Na Pimbi mpaka leo kila asubuhi utamkuta juu ya jabali anaota jua. Anakausha chombo chake cha kazi.

Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walijua wanachosema. Kamera nzuri ni iliyo mkononi siku jambo linapotokea. Chombo ulichonacho kitumie, kijue ila yake, kazi yako ifanye leo. Kijacho kikija, kitakukuta kazini.

Ngano yangu inatua mzigo hapa. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, imemfikia mwenyewe.