Mafuta ya Jana

Ndugu zangu, mnaosinzia amkeni kidogo, maana huyu ninayemleta leo huenda akawa ni wewe.

Palikuwa na askari wa wanyamapori aliyeipenda bunduki yake kupita kiasi. Ilikuwa ya zile zinazojipakia risasi zenyewe. Kila asubuhi kabla ya gwaride aliitia mafuta, ikang'aa hadi wenzake wakamtania kwamba siku moja ataiposa. Moyoni alijiona yuko tayari kwa lolote.

Asubuhi moja akawasindikiza kina mama kuteka maji mtoni. Tembo dume akachomoka kwenye matete, masikio kayatandaza, anakuja mbio. Kina mama hawakuwa na pa kukimbilia. Kati yao na tembo palikuwa na mtu mmoja tu. Akalenga, akavuta triga. Tik. Kimya. Akaitoa ile risasi kama alivyofundishwa, akapakia nyingine, akavuta. Tik. Kimya tena. Sasa tembo yuko hatua kumi, hata kope zake zinaonekana. Na hapo, ndugu zangu, yule mnyama akasimama. Akamtazama. Akageuka, akarudi taratibu kwenye matete. Nani alimzuia? Yule askari hadi leo akifika hapo hawezi kuendelea kusimulia. Anavua kofia tu.

Akaziokota risasi zake mbili, akampelekea fundi wa silaha kambini, akilalamika kwamba amepewa risasi mbovu, nusura watu wafe. Fundi mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, asiye na maneno mengi. Akazigeuza, akazitazama kitakoni.

"Risasi ni nzima, mwanangu. Ona palivyobonyea kidogo tu. Imeguswa, haikupigwa."

Akaifungua bunduki, akakitoa kile kipini chembamba kinachogonga risasi. Kilikuwa kimenata kwenye utando mweusi. Mafuta na vumbi vilikuwa vimegeuka gundi. Askari akapigwa na bumbuwazi. Kumbe uhai wa watu wote wale ulining'inia kwenye kitu chembamba kama njiti ya kiberiti.

"Lakini mama, naitia mafuta kila siku ya Mungu."

"Na ya jana huwa unayafuta?"

Askari akaomba kitambaa.

Je, sisi huwa tunayafuta? Kila Jumapili tunakuja kutiwa mafuta mapya juu ya kinyongo cha mwaka juzi, na tunang'aa kweli kwenye gwaride. Neno likija, linatugusa. Tunalia, tunaimba, tunarudi nyumbani na kinyongo chetu. Halafu tukiwa njiani tunasema mahubiri ya siku hizi hayana nguvu. Wewe unayetazama chini, nakuona.

Tembo wetu naye aligeuka, na kila mmoja hapa anaikumbuka siku yake. Haikuwa bunduki yetu iliyotuokoa, ilikuwa rehema tupu. Basi tufungue leo, tufute, kabla hajatoka tena kwenye matete.