Ngedere na Mpira wa Kamba Tatu

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmeitika kama wagonjwa. Kombo, toa hindi mdomoni kwanza. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo kale, kale hasa, kabla bibi yangu hajaota jino, wanyama walikuwa na shule yao. Kipindi walichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha michezo. Mwalimu wao alikuwa Korongo, miguu mirefu, hana fimbo wala filimbi. Sheria yake ilikuwa moja tu: anayekosa anainua mkono mwenyewe na kusema, "Ni mimi." Basi, mchezo unaendelea.

Mpira wao ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba tatu za mkonge, na ulikuwa unasema.

"Mpira unasema, Bibi?" akauliza Mwanapili.

Unasema. Anayebisha akalale.

Sasa palikuwa na Ngedere. Mbio anazo, chenga anazo, na maneno anayo. Alitaka jambo moja duniani: awe nahodha, afungwe kile kitambaa chekundu mkononi. Lakini kusema "Ni mimi"? Hilo lilimshinda kabisa.

Siku moja Ngedere akampiga Kobe kikumbo. Kobe akabiringika, akabaki chali, miguu juu.

"Nani?" akauliza Mwalimu Korongo.

Ngedere akatazama mawingu. "Si mimi. Labda upepo."

Mpira ukasema, "Haya." Kamba moja ikakatika, pwata.

Siku nyingine Ngedere akapiga shuti la kujionyesha. Mpira ukaruka, ukatua katikati ya upupu.

"Nani?"

"Si mimi. Nimemwona Digidigi akiinua mguu."

Digidigi, mpole wa watu, hakujua kubishana. Akaingia kwenye upupu, akautoa mpira, akatoka anajikuna mpaka machozi.

Mpira ukasema, "Haya." Kamba ya pili, pwata.

"Mbaya huyo," akasema Kombo.

Mbaya, eh? Na wewe jana nani alimwaga maji ya kunawa? Tuendelee.

Ikafika siku ya mechi na shule ya fisi. Kulikuwa na uwanja mmoja wa nyasi kando ya mto. Watakaoshinda watauchukua, watakaoshindwa watacheza kwenye kokoto mwaka mzima, na kokoto hazina huruma na magoti. Mwalimu Korongo akasema pia kwamba mechi ikiisha, timu itachagua nahodha wake.

Wakacheza. Mbili kwa mbili. Jua likaanza kushuka. Mpira ukapita juu ya kichwa cha Ngedere, na Ngedere, bila haya, akaunasa kwa mkia, akauzungusha, akausukumia golini. Hakuna aliyeona.

Wenzake wakapiga vigelegele. Digidigi, ambaye bado alikuwa anajikuna, akambeba Ngedere mgongoni na kumwimbia, "Nahodha wetu, nahodha wetu."

Mpira, uliobaki na kamba moja, ukamwita polepole. "Ngedere, umenifunga kwa kitu gani?"

Ngedere akafungua mdomo aseme la kwake. Akauona mgongo wa Digidigi umejaa vipele. Aibu ikamjaa, jamani, aibu ya kweli. Akashuka chini, akainua mkono.

"Ni mimi. Nimetumia mkia. Na upupu pia ni mimi, Digidigi. Na Kobe nilimpiga kikumbo mimi."

Kobe akamtazama kwa jicho kali. Goli likafutwa, wakarudi mbili kwa mbili.

Mara Kingugwa, nahodha wa fisi, akakohoa. Akainua mkono. "Ni mimi. Goli letu la pili nilishika."

Mbili kwa moja.

Nungunungu, wa timu ya kina Ngedere, naye akainua. "Ni mimi. Goli letu la kwanza nilimchoma kipa wenu mwiba."

Moja kwa moja.

Fisi mdogo akasema, "Ni mimi. La kwetu la kwanza, nilikaa juu ya Kobe."

"Nilidhani ni usiku," akasema Kobe.

Lile la pili la kina Ngedere nalo likapata wa kusema "Ni mimi," mpaka hapakubaki goli hata moja. Sifuri kwa sifuri. Mwishowe Mwalimu Korongo akainua bawa. "Ni mimi. Kipindi cha kwanza nilisinzia."

Wakacheka mpaka fisi wakaona wivu.

"Nani alishinda sasa?" akauliza Kombo.

Hakuna. Wakakubaliana kugawana uwanja, leo hawa, kesho wale. Kitambaa chekundu alifungwa Digidigi. Ngedere aliumia, siwadanganyi, alilia kidogo nyuma ya goli. Kisha akaenda kusokota mkonge, akaufunga mpira kamba mbili mpya, bila kutumwa.

Basi wajukuu zangu, ukikosa, sema mwenyewe kabla hajaadhibiwa asiyekosa. Mchezo hauharibiki kwa anayekiri, unaharibika kwa anayetazama mawingu.

Hapo ndipo hadithi yangu imekaa chini. Nanyi inukeni, mkalale.

"Bibi," akasema Kombo, na mkono wake ulikuwa juu. "Yale maji. Ni mimi."